Viungo vya Chakula na Viungo vya Mwili

Lugha yetu ya Kiswahili imeyapa mambo mawili jina moja. Viungo ni tangawizi, manjano, karafuu na pilipili manga, vinavyokipa chakula ladha na harufu. Na viungo ni goti, kiwiko, nyonga na vifundo vya vidole, vinavyouwezesha mwili kwenda na kushika. Juma hili tungependa kuyakutanisha mambo hayo mawili, kwani akina mama wengi hupenda kujua kama ni kweli kwamba viungo vya jikoni huweza kutuliza uvimbe na maumivu ya mwili. Jibu letu kwa ufupi ni hili: huweza, lakini kwa kiasi chake na kwa maradhi yake. Mwenye kuvijua atapata nafuu. Mwenye kuvitumainia kupita kiasi anaweza kumpoteza mgonjwa aliyekuwa wa kupona.

Ili tusizungumze hewani, na tuitazame pwani moja ambayo watu wake wanalijua jambo hili kwa maisha yao ya kila siku. Kutoka mji wa Kisimayu kwenda kusini hadi Ras Kiamboni, karibu na mpaka wa Somalia na Kenya, kuna mlolongo wa visiwa vidogo vilivyojipanga mbele ya bara: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo. Hivyo ndivyo visiwa vya Wabajuni, ndugu zetu wasemao Kibajuni, lahaja ya Kiswahili iliyo jirani ya Kiamu. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwatawanya wengi wao, wakakimbilia Lamu, Mombasa na nchi za mbali, na kila walikokwenda walikwenda na upishi wao. Upishi huo ni ule ule wa pwani nzima: wali, samaki, nazi, ndimu na viungo. Katika soko la Kisimayu utasikia manjano yakiitwa kwa Kisomali huruud, tangawizi ikiitwa sinjibiil, na karafuu qaranfuul. Majina hubadilika, lakini kitu ni kile kile kilichomo katika kikapu chako.

Tumeichagua pwani hii kwa sababu mbili. Kwanza, kazi za watu wake ni za kuumiza maungo: kuvuta nyavu, kupiga makasia, kukata boriti za mikoko, na kwa akina mama kutwanga, kukuna nazi na kubeba maji. Pili, kwa mtu wa kisiwani hospitali iko ng'ambo ya maji. Mgonjwa hana budi kupakiwa chomboni, na wakati wa kusi, bahari inapochafuka, safari hiyo haiamuliwi kwa wepesi. Hivyo jiko huwa ndilo duka la dawa la kwanza, na mama wa nyumba ndiye mwuguzi. Mwuguzi huyo anapaswa kujua mambo mawili: dawa gani ziko katika mikebe yake, na ni wakati gani wa kuita chombo.

UVIMBE NI KITU GANI?

Mwandishi Mrumi aitwaye Celsus, aliyeishi karibu miaka 2,000 iliyopita, alizitaja alama nne za uvimbe wa maradhi: wekundu, joto, kututumka na maumivu. Alama hizo hazijabadilika hata leo. Mwili unapoumizwa au unapoingiliwa na vijidudu, hupeleka damu nyingi na chembe zake za ulinzi mahali palipoumia. Mahali hapo hupata moto, huvimba na huuma. Kwa hiyo yafaa ieleweke kwamba uvimbe wenyewe si adui. Ni askari aliyefika kazini. Tabu huanza pale askari huyo anapokataa kuondoka, kama ilivyo katika baridi yabisi ya muda mrefu, au pale anapopigana na adui asiyemweza.

Mwaka 1971 mtaalamu Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huchochea uvimbe. Kwa kazi hiyo alikuwa miongoni mwa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Majaribio ya maabara yaliyofuata yameonyesha kwamba tangawizi na manjano nayo huzigusa njia hizo hizo za mwili, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi.

Hapa ndipo pa kutia akilini jambo kubwa la makala haya. Kiungo cha jikoni hupunguza makali ya uvimbe, hakiondoi kilichouleta. Ikiwa kilichouleta ni uchovu wa kazi, mwili utajiponya wenyewe na kiungo kitakuwa kimeusaidia kuvumilia. Ikiwa kilichouleta ni vijidudu vilivyokwisha kuingia mwilini, nafuu ya tangawizi itakuwa pazia linaloficha moto unaoendelea kuwaka.

MANJANO

Manjano ndiyo yenye sifa kubwa kuliko viungo vyote katika habari hii. Kitu chenye kazi ndani yake huitwa kurkumini, nayo ndiyo inayoyapa rangi. Lakini katika gramu 100 za unga wa manjano, kurkumini ni kiasi cha gramu 3 tu. Kijiko kimoja cha chai cha manjano kina uzito wa gramu 3 hivi, kwa hiyo kurkumini yake haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Watafiti walioyajaribu manjano kwa wagonjwa wa magoti aghalabu waliwapa kiasi cha gramu nzima ya kurkumini kwa siku. Ni wazi kwamba mchuzi wa mchana peke yake hauwezi kufikia kipimo hicho.

Licha ya hayo, mpishi wa pwani ana jambo moja la kujivunia. Kurkumini haipiti kwa urahisi kutoka tumboni kwenda katika damu. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, walionyesha kwamba kemikali iliyomo katika pilipili manga huiongeza kurkumini inayofika katika damu ya binadamu kiasi cha mara ishirini. Kadhalika, kurkumini huyeyuka katika mafuta na wala si katika maji. Bibi zetu waliotia manjano, pilipili manga na tui la nazi katika chungu kimoja walitafuta ladha, lakini wakayakutanisha yale yanayohitajiana.

Tahadhari mbili ni lazima. Ya kwanza ni kutomeza manjano kwa vijiko, wala kununua vidonge vya manjano vilivyokolezwa na kuvimeza bila ya ushauri. Katika miaka ya karibuni madaktari wa Italia na Marekani wameandika habari za watu walioumia ini kwa vidonge hivyo. Ya pili ni kuchunguza unachonunua. Mwaka 2019 ilibainika kwamba baadhi ya wafanya biashara wa Bangladesh walikuwa wakiipaka mizizi ya manjano rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae. Risasi ni sumu, na huudhuru zaidi ubongo wa mtoto. Serikali ya huko ilichukua hatua kali, na kufika mwaka 2021 manjano yenye sumu hiyo hayakuonekana tena katika sampuli zilizopimwa sokoni. Funzo kwetu ni kwamba manjano yenye kung'aa kupita kiasi yatiliwe shaka. Nunua mizizi mibichi ukiipata, ioshe vizuri, ikate, ianike, kisha itwange mwenyewe.

MCHUZI WA SAMAKI KWA TUI NA MANJANO

Mahitaji: samaki kilo 1 (changu, kolekole au nguru), nazi kubwa 1, nyanya 3, kitunguu maji 1, kitunguu saumu punje 5, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, manjano ya unga kijiko 1 cha chai, pilipili manga iliyotwangwa robo kijiko cha chai, ndimu 1 na chumvi ya kutosha.

Namna ya kupika: Twanga kitunguu saumu pamoja na tangawizi. Paka nusu yake katika samaki pamoja na chumvi na maji ya ndimu, uache kwa nusu saa, kisha mchome samaki au mkaange kidogo. Kuna nazi, ukamue tui zito uliweke kando, halafu ukamue tui jepesi. Tia tui jepesi chunguni pamoja na nyanya, kitunguu maji, manjano, pilipili manga na ile nusu iliyobaki ya kitunguu saumu na tangawizi. Chemsha kwa dakika 15 hivi. Tia samaki, kisha tui zito, huku ukikoroga polepole upande mmoja ili lisikatike. Likichemka kidogo, epua. Mchuzi huu ni chakula kabla ya kuwa dawa, nao unamfaa kila mtu wa nyumbani isipokuwa aliyekatazwa na daktari.

TANGAWIZI

Kwa maumivu ya kawaida, tangawizi ina ushahidi ulio karibu zaidi na kikombe chetu cha chai. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani waliwajaribu watu wenye magoti yaliyochakaa, wakaona kwamba waliopewa dawa iliyotokana na tangawizi walipata nafuu ya wastani kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na kitu. Jambo la kuwapendeza zaidi akina mama na mabinti ni utafiti uliofanywa Iran mwaka 2009. Wasichana waliopata maumivu ya hedhi walipewa miligramu 250 za unga wa tangawizi mara nne kwa siku, kwa siku tatu za mwanzo. Nafuu yao ilikuwa sawa na ya wenzao waliopewa dawa za maumivu za hospitali. Kipimo hicho kwa siku nzima ni gramu moja, yaani karibu nusu kijiko cha chai.

Chai yake ni rahisi. Chukua kipande cha tangawizi mbichi cha urefu wa kidole gumba, kiponde, ukichemshe kwa dakika 10 katika vikombe viwili vya maji, uchuje, utie sukari au asali kidogo. Kunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia ajihadhari. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, au anayengoja kupasuliwa, asizidishe tangawizi, manjano wala kitunguu saumu bila ya kumwambia daktari, kwani vyote hivyo vyaweza kuifanya damu iwe nyepesi. Asali nayo isipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

KARAFUU, KITUNGUU SAUMU NA PILIPILI

Karafuu ni rafiki wa jino. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni kemikali iitwayo yujenoli, ambayo hufisha ganzi na kupunguza uvimbe. Madaktari wa meno wameitumia kwa muda mrefu. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait walilinganisha dawa ya kupaka ya karafuu na dawa ya ganzi ya duka, wakaona zinakaribiana. Nyumbani inatosha kuiweka karafuu moja nzima kando ya jino linalouma na kuiuma polepole. Mafuta safi ya karafuu yawekwe mbali na watoto. Mtoto akiyanywa, hata kidogo, huweza kudhurika ini. Aidha, karafuu hailizibi jino lililotoboka. Hukununulia usiku mmoja tu wa usingizi, na kesho yake hapana budi kumtafuta mganga wa meno.

Kitunguu saumu, ambacho wengi wa pwani ya Kenya hukiita thomu, ni kizuri chunguni. Si kizuri kufungwa kibichi juu ya goti au kidole kilichovimba, kama wafanyavyo wengine. Kikikaa juu ya ngozi kwa saa kadhaa huiunguza kama maji ya moto, na mgonjwa huwa na maradhi mawili badala ya moja.

Pilipili nayo imewashughulisha mabingwa. Mtaalamu wa Marekani David Julius, kwa kuchunguza jinsi kemikali ya pilipili inavyoamsha mishipa ya fahamu, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Ziko dawa za kupaka zilizotengenezwa kutokana na kemikali hiyo, nazo huwasaidia wenye maumivu ya magoti. Hizo hupimwa kiwandani. Pilipili iliyotwangwa kwetu haina kipimo. Usiisugue katika mwili wa mtu.

MGUU ULIOTENGUKA NA MWIBA WA TAA

Wavuvi wana ajali zao, na katika hizo maji hushinda viungo vyote. Kifundo cha mguu kikitenguka, wengi hukimbilia kukikanda kwa maji ya moto na manjano. Katika siku mbili za mwanzo moto huongeza uvimbe. Tumia kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kwa dakika 15 kila mara. Ufunge mguu kwa kitambaa bila ya kuubana mno, na uuinue juu ya mto. Mguu ukishindwa kabisa kukanyaga, huenda mfupa umevunjika.

Mwiba wa taa ni kinyume chake. Sumu yake hupungua nguvu kwa joto. Mtoe mtu majini, osha jeraha, kisha tumbukiza mguu katika maji ya moto anayoyavumilia, bila ya kumwunguza, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtu mwingine atangulize mkono wake kupima maji, maana mwenye maumivu makali huenda asihisi. Usitie jerahani unga wa kiungo chochote, wala majivu, wala tumbako. Mwiba ukiwa umezama kifuani au tumboni, usiuchomoe. Mpeleke hospitali ulivyo. Na kila aliyechomwa ahakikishe kwamba amechanjwa pepopunda.

WAKATI WA KUITA CHOMBO

Sasa tufike kwenye mambo ambayo mkebe wa viungo hauna uwezo nayo. Tunamwomba msomaji ayasome kwa utulivu, kwani hapa ndipo maisha ya watu yanapookolewa au kupotea.

La kwanza ni koo la mtoto. Mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano huamka na koo linalouma, homa na mafindofindo yaliyovimba. Mama humpa tangawizi na asali, na baada ya siku chache mtoto hurudi kucheza. Mara nyingi huwa amepona kweli. Lakini aina moja ya vijidudu vya koo huacha deni. Baada ya juma mbili au tatu, goti la mtoto huvimba na kuwa la moto, kisha maumivu hulihama goti yakahamia kifundo cha mguu, na kutoka hapo yakaenda kiwikoni. Watu husema ni baridi, wakamkanda. La hasha! Hiyo ni homa ambayo, maungo yanapopoa, huwa imekwisha kuing'ata milango ya moyo. Maungo hupona yote, moyo hubaki na kovu, na miaka kadhaa baadaye kijana hushindwa kupanda ngazi, au binti hupatwa na shida kubwa katika uzazi wake wa kwanza. Penisilini, ikitolewa mapema kwa ajili ya koo, huzuia yote hayo. Na mtoto ambaye tayari maungo yake yamevimba kwa kuhamahama, sindano za penisilini za kila juma tatu au nne, kwa miaka mingi, huukinga moyo wake usiumizwe tena. Kwa hiyo sukutua koo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, mpe chai yake ya tangawizi, lakini mpeleke akapimwe.

La pili ni mama mjamzito. Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida. Lakini uso na mikono vikivimba, kichwa kikauma sana, macho yakaona vimulimuli, au maumivu yakaja juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba. Hapana kiungo, hapana kinywaji. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

La tatu ni ungo mmoja uliovimba ghafula, wa moto, pamoja na homa. Huenda usaha umeingia katika ungo wenyewe, nao huuharibu kwa siku chache. Isipokuwa kama ni kidole gumba cha mguu kwa mtu mzima aliyeamshwa usiku na maumivu makali, hapo huenda ni jongo. Jongo nalo linahitaji daktari, na mgonjwa wake apunguze maini, figo, dagaa na kamba.

La nne ni jeraha lenye mstari mwekundu unaopanda, au mtoki uliovimba pamoja na homa. La tano ni shavu lililovimba kwa sababu ya jino, hasa mgonjwa akishindwa kumeza au kufungua kinywa. La sita ni maumivu ya tumbo yaliyoanzia kitovuni yakashukia upande wa kulia. Huyo asipewe dawa ya nyumbani yoyote, wala asikandwe tumbo.

Hatusemi kwamba safari ni rahisi. Chombo kina gharama, bahari ina hatari zake, na kazi ya siku husimama. Ndiyo sababu wengi huona heri kungoja kesho. Lakini katika maradhi haya sita, chombo cha leo ni nafuu kuliko cha keshokutwa, maana cha keshokutwa huenda kikabeba mgonjwa asiyetibika. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Nasi twaongeza kwamba hata mtuliza maradhi, asipoangalia, huyaficha vile vile.

Basi mama wa nyumba aendelee kuunga mchuzi wake kwa manjano na pilipili manga, awe na tangawizi mbichi ndani ya nyumba wakati wote, na karafuu chache katika mkebe wenye kifuniko. Na juu ya mkebe huo, ukutani, aziandike zile dalili sita, pamoja na jina la jirani mwenye chombo au gari, ili hata asipokuwapo yeye, aliyebaki nyumbani ajue la kufanya.